Nani Kawaambia Mjomba Hakuuliza?

Jumamosi iliyopita tulikuwa Mbagala kwenye arobaini ya mjomba wangu. Khitma ilisomwa vizuri, shehe akaomba dua fupi (Mungu amlipe, maana jua la saa saba chini ya turubai la plastiki halimwonei mtu huruma), harufu ya ubwabwa ikaanza kutufikia, na hapo ndipo akasimama bwana mmoja. Simtaji. Ni mtu wa vyeo vyeo pale mtaani, wa kuitwa kila shughuli aje aseme neno.

Akasema neno. Kwamba marehemu alipigana Vita vya Kagera: kweli. Kwamba alikuwa mzalendo: kweli tupu. Kisha akajisahau, au labda hapo ndipo alipokuwa anaelekea tangu mwanzo: "Wazee hawa waliambiwa nendeni, wakaenda. Hawakuuliza kwa nini. Siyo vijana wetu wa sasa, kila kitu wanauliza, mara haki, mara dhamiri."

Watu wakaitikia. Wengine wakapiga makofi, kwenye khitma.

Mimi nilibaki natazama viatu vyangu pale nje ya jamvi. Mjomba hakuuliza? Mjomba yupi? Yule niliyelala naye chumba kimoja miaka miwili nikisoma kidato cha tano na cha sita, aliyekuwa anabishana na redio mpaka jirani anagonga ukuta? Mtu ambaye ukijisifu mbele yake kuhusu vita, hata kama ulikuwepo, swali lake la kwanza lilikuwa "Ulikuwa kikosi gani?" na la pili "Mlivukia wapi?" Nimeona wanaume wazima wakikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Nieleze kidogo, maana nimekasirika na nikikasirika naruka hatua. Mjomba alikuwa mgambo. Idi Amin wa Uganda alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, akatangaza kwamba ile ardhi ni yake, mjomba alikuwa kijana wa kubeba mizigo hapa hapa mjini. Aliondoka Dar kwa treni ya Reli ya Kati mpaka Mwanza, wakavushwa ziwa mpaka Bukoba. Alirudi 1981, vikosi vyetu vya mwisho vilipotoka Uganda. Mama anasema aliondoka akiwa anaimba na akarudi akiwa ananyamaza, ingawa mama naye ana mambo yake ya kutia chumvi.

Kuhusu Kagera yenyewe mjomba hakuwa na swali hata moja. Alifika akaona. Nyumba zimechomwa, ng'ombe wameswagwa, daraja la Kyaka limelala mtoni, watu wameuawa kwao bila kosa. "Pale, mjomba," alikuwa ananiambia (tuliitana mjomba wote wawili, kama kawaida), "pale hata wewe na woga wako ungepigana." Sawa. Na mimi sitaki mtu asome hapa akadhani naitilia shaka vita ile. Aliyeingia kwetu ni Amin.

Kilichokuwa kinamkaba ni Masaka.

Mji ule wa Uganda uliingiwa na jeshi letu Februari 1979. Ulikuwa umeshapigwa mizinga, na askari wa Amin walikuwa wameshakimbia. Majengo yakaendelea kulipuliwa hata baada ya hapo. Kisasi cha Kagera. Haya si maneno ya kijiweni, yanajulikana, na inajulikana pia kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe hakupendezwa, akaagiza raia wa Uganda na mali zao wasiguswe tena. Lakini agizo lilipofika, Masaka ilikuwa imeshakuwa kifusi. Mjomba alikuwa na picha moja kichwani mwake ambayo alinisimulia labda mara nne katika miaka yote ile, na kila mara usiku, taa ikiwa imezimwa: nyumba isiyo na ukuta wa mbele, na ndani, jikoni, sufuria bado iko juu ya mafiga. Haikumwagika. Kisha anakaa kimya, halafu anasema, "Ile nyumba haikuwa ya Amin."

Huyo ndiye mtu mnayeniambia hakuuliza.

Hasira yangu basi haitokani na yule bwana kumsifia mjomba. Amsifie tu, kasifiwa kidogo sana akiwa hai. Tatizo ni kwamba alimchukua maiti asiyeweza kumjibu akamfanya fimbo ya kuwachapia wengine. Na mchezo huu tunaujua. Mtu akisema jambo lisilopendeza, haambiwi kwamba kakosea, anaambiwa wapo waliokufa kwa ajili ya nchi hii. Sasa mimi nauliza: waliokufa walikuachia wewe usemaji wao lini? Kwa barua? Askari anayerudi vitani anarudi na vitu viwili, kile alichofanya na kile anachokifikiria juu ya alichofanya. Ukichukua cha kwanza ukakitundika ukutani, cha pili ukakitupa jalalani, hapo hujamheshimu. Umemheshimu nusu mtu. Na nusu uliyoitupa ndiyo iliyokuwa inamgharimu kila siku, kwa sababu risasi walishaacha kumpiga 1979 lakini sufuria ile ilikaa naye mpaka mwezi wa jana alipofumba macho.

Tena hata historia yenyewe mnayoitumia haiko upande wenu. Kila mtoto wa shule anajua kile kipande cha hotuba ya Novemba 1978: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Tunakiimba kama wimbo wa mpira. Hebu kisomeni polepole. Sababu! Amiri Jeshi Mkuu, nchi imevamiwa, kipande cha ardhi kimechukuliwa, na bado aliona hawezi kuwapeleka watu vitani bila kuwaambia sababu. Angeweza kusema uwezo tunao, nendeni, na watu wangekwenda, walikuwa wameshakasirika vya kutosha. Lakini sababu ikawekwa pale katikati. Leo mtu ambaye kitu kikubwa kuliko vyote alichowahi kuongoza ni kamati ya maji anatufundisha kwamba uzalendo ni kutouliza sababu.

Mwalimu huyo huyo aliitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, mwaka 1968, wakati karibu Afrika nzima imeegemea Nigeria, kwa sababu dhamiri yake ilimkatalia kunyamaza. Alikosea? Wengine watasema alikosea sana. Halafu Julai 1979, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, waliomsema kwa kuingia Uganda mpaka Kampala ni pamoja na Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria, Obasanjo yule yule aliyepokea Biafra ikisalimu amri. Dunia ina vichekesho vyake. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la "Kampala ilikuwa lazima?" liliulizwa hadharani na marais kabla kijana yeyote wa Mbagala hajazaliwa, na nchi haikuvunjika. Mjomba kwa upande wake alikuwa na jibu, kwamba Amin angeachwa angerudi tena. Alikuwa na jibu kwa sababu alikuwa amejiuliza.

Haya, nikubali kitu kimoja, ingawa sipendi. Si kila anayesema "dhamiri" anayo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar waliandamana mpaka Ikulu kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na ukitazama madai yao, mengi yalihusu mshahara wao kukatwa. Wakarudishwa makwao, zaidi ya mia tatu, na Mwalimu akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Na leo pia wapo wanaomgeuza mzee wa Kagera kichekesho cha mtandaoni, anatembea na beji zake Siku ya Mashujaa wao wanamwekea muziki nyuma. Hao wachapwe. Lakini mbona khutba ya yule bwana haikuwagusa wao? Iliwagusa wanaouliza tu.

Kuhusu mafao sitasema mengi. Mjomba alifuatilia faili lake ofisi moja kwa miaka, akaambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu ziko nyingi.

Siku ile jioni nilirudi mjini, nikashuka Posta, nikapita pale kwenye Sanamu ya Askari. Nimepita pale maelfu ya mara nikikimbilia daladala na sikuwahi kusimama. Yule askari wa shaba yuko pale tangu 1927, bunduki mkononi. Maandishi ya chini, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawakumbuka askari wa Kiafrika na wale wapagazi walioitwa miguu na mikono ya jeshi katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Wapagazi wale ndio waliotuachia jina la Kariakoo, na walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, wakibeba mizigo ya ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani. Maandishi yanasema walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mfalme! Halafu yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nikazunguka pande zote nne nikitafuta majina, watu wakinishangaa, machinga mmoja akadhani nataka soksi. Hakuna hata jina moja.

Hapo nikamwelewa zaidi yule bwana. Askari wa shaba hana kazi nyingine, unamwekea maneno yoyote chini ya miguu na hatakubishia miaka karibu mia.

Nilimpigia simu mkaza mjomba usiku kumuuliza kama aliumia na yale maneno. Alikuwa bado anaosha masufuria ya shughuli, nayasikia yanagongana. Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka. "Mimi nilikuwa namsubiri tu mjomba wako ajibu," akasema. "Mpaka nikageuka kumtazama pale kwenye kiti chake. Angemuuliza alikuwa kikosi gani."