Hogan, Wiggins na kura ya kumshtaki rais

Kila nikisikia mbunge akisema anasubiri msimamo wa chama kabla ya kuamua kama rais ashtakiwe, namkumbuka Lawrence Hogan.

Hogan aliwakilisha Maryland katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa tiketi ya Republican, chama kilekile cha Rais Richard Nixon. Kabla ya siasa alikuwa ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Mwaka 1974 alikuwa anautaka ugavana wa Maryland, na huku nyuma ana kiti katika Kamati ya Sheria, kamati ya watu 38 iliyokabidhiwa mashtaka ya Nixon kuhusu kashfa ya Watergate, yaani uvamizi wa ofisi za chama cha Democratic mwaka 1972 na jitihada za kuuficha. Kwa mwanasiasa anayeomba kura za wanachama wenzake, sioni kiti kigumu kuliko hicho. Tarehe 23 Julai, siku moja kabla kamati haijaanza mjadala wake mbele ya televisheni, akatangaza kwamba anaunga mkono rais wake ashtakiwe.

Kwa utaratibu wa Marekani, Baraza hushtaki kwa wingi wa kawaida wa kura. Kesi yenyewe husikilizwa na Seneti, na huko zinahitajika theluthi mbili ili rais aondoke. Kwa hiyo mbunge haulizwi kama anampenda rais, wala rais alichaguliwa kwa kura ngapi (Nixon alikuwa amezoa majimbo 49 kati ya 50 mwaka 1972). Anaulizwa kama yaliyoletwa mezani yanatosha kumfanya mtu huyu ajibu.

Barbara Jordan wa Texas, mjumbe wa kamati hiyo kwa tiketi ya Democratic, aliieleza kazi hiyo usiku wa 25 Julai, na hadi leo sijaona aliyemzidi. Mwanamke Mweusi, akakumbusha kwamba Katiba ilipoandikwa kwa jina la wananchi, watu kama yeye hawakuhesabiwa humo. Sasa ndiye aliyekaa kuilinda. Kisha akachukua maneno ya waasisi kuhusu sababu za kumshtaki rais, akayaweka kando ya vitendo vya Nixon, kimoja baada ya kingine. Hakumtukana hata mara moja.

Kilichomuuma Hogan ni mazungumzo ya 21 Machi 1973, yaliyonaswa kwenye kanda ambazo Nixon alikuwa akirekodi ofisini mwake. Nixon aliambiwa na mwanasheria wake, John Dean, kwamba watuhumiwa wa Watergate wanadai pesa ili wafunge midomo. Hogan alishangaa kwamba rais hakuinuka kwa hasira akamtimua mtu aliyethubutu kuzungumzia hongo ndani ya ofisi ile. Naipenda sana hoja hiyo. Inampima rais kwa kiapo chake, tena katika saa ambayo hakuna raia aliyekuwa akimtazama.

Sasa Charles Wiggins wa California, wa chama hichohicho. Watu humtaja kama mpambe wa Nixon, nami nakataa. Alikuwa mwanasheria hodari, na alichodai ni ushahidi wa moja kwa moja badala ya dhana juu ya dhana. Dai hilo ni halali, na rais yeyote anastahili mbunge wa kulitoa. Tarehe 27 Julai hati ya kwanza ya mashtaka ilipita katika kamati kwa kura 27 dhidi ya 11. Wiggins alikuwa miongoni mwa wale 11. Siku chache baadaye wasaidizi wa rais walimwonyesha maandishi ya kanda ya 23 Juni 1972, ambamo Nixon anakubali CIA, shirika la ujasusi, itumiwe kuuzuia uchunguzi wa FBI. Tarehe 5 Agosti akatangaza hadharani kwamba naye atapiga kura ya kumshtaki.

Namheshimu kwa hilo. Lakini nikilazimika kuchagua, nasimama na Hogan. Dalili ya mvua ni mawingu, na Wiggins alitaka kwanza alowe. Mahakamani ningekuwa upande wake. Kamati hii ilikuwa inaamua kushtaki tu, na ushahidi alioungoja ulikuwa umefungiwa na mshtakiwa mwenyewe, aliyezing'ang'ania kanda zake mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipomwamuru azitoe tarehe 24 Julai. Mbunge anayesema hatashtaki mpaka auone ushahidi wa mwisho amemkabidhi ufunguo yule anayechunguzwa.

Nixon aliondoka tarehe 9 Agosti, kabla Baraza zima halijapiga kura. Hogan, mwana-Republican pekee aliyeziunga mkono hati zote tatu zilizopita, alishindwa na Louise Gore mwaka huohuo katika mchujo wa ugavana. Wapo waliodai kwamba alijitangaza mapema ili kujitafutia umaarufu. Siwaamini, kwa sababu waliokuwa wakimngoja kwenye mchujo ule ni wanachama wa Republican, walewale ambao wengi wao walikuwa bado na Nixon, na Hogan aliwajua.