Zimeni tochi za simu, jamani

Hapa London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na bustani kubwa za miti hutundika taa ili familia zipate pa kutembea usiku. Tiketi ni ghali. Unawavika watoto makoti na glavu, mnafika kwenye miti inayowaka buluu, halafu mtu mzima aliye mbele yenu anawasha tochi ya simu! Ya nini, wakati njia nzima ina vitaa vya chini?

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Ukimulikwa usoni mara moja tu, macho yanahitaji muda kuzoea tena. Na nyie mnaopiga picha kwa flashi, mwanga ule unafika mita chache tu. Taa za juu ya mti hauzifikii. Mnachoambulia ni migongo ya watu.

Binti yangu alikuwa ameduwaa akitazama rangi zikicheza juu ya maji ya bwawa, mara akamulikwa machoni, akaangua kilio. Mwenye simu hata samahani hakusema. Imeniuma sana. Na wahudumu wa getini, badala ya kukagua tiketi tu, wangetuambia pia tuzime tochi.