Diski ya akiba ikae Tabora, isikae Kariakoo

Safu ya diski, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ndani ya seva, ikipoteza diski moja, seva haisimami. Mafaili yanafunguka, risiti zinachapwa, hakuna anayelalamika. Utulivu huo ndio unaonitia hofu. RAID 5, aina mojawapo ya safu hizo, inavumilia kufa kwa diski moja tu. Ya pili ikifuata kabla ya kubadilisha ya kwanza, data yote imekwenda. Na ofisi nyingi za Tabora huagiza diski Dar, zikapanda basi, siku zikapita. Ndiyo maana diski ya akiba ikae Tabora. Na ukichelewa kujua, umepoteza siku nyingine kabla hata ya kuagiza.

Kwenye Linux andika cat /proc/mdstat. [4/4] [UUUU] maana yake diski zote nne ziko kazini. [4/3] [UU_U] maana yake ya tatu imetoka. Alama yenyewe ni kistari kimoja tu, na mtu mwenye kazi nyingi hakioni. Kwa hiyo iachie mdadm, programu ya Linux inayosimamia safu, iangalie: weka anwani ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, kisha jaribu kwa mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Ujumbe usipofika, mara nyingi seva haina programu ya kutuma barua, au anwani ni ya root (mtumiaji mkuu wa seva) ambayo hakuna anayeifungua. Mstari huo unapokea anwani moja tu, basi iwe ya kundi, isiwe ya fundi mmoja aliye likizo Urambo.

Usisubiri diski ife. Kwenye smartctl -A, amri inayosoma hali ya afya ya diski, tazama namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zenye matatizo. Ya 197 ni sekta zilizoshindwa kusomeka na zinasubiri uamuzi. Ikiwa juu ya sifuri na inazidi kupanda, agiza diski leo. Diski zikiwa nyuma ya kontrola ya MegaRAID (kadi inayosimamia diski), ongeza -d megaraid,0, kisha 1, na kuendelea, la sivyo hutaziona.

Kuna kosa moja limeenea sana. Debian, aina mojawapo ya Linux, hukagua safu nzima Jumapili ya kwanza ya mwezi, kama saa saba usiku. Ofisi inayozima seva Ijumaa jioni inajinyima ukaguzi huo, na sekta mbovu hujificha mpaka siku ya kujenga upya data kwenye diski mpya, siku ambayo kila diski iliyobaki lazima isomeke yote. Uhamishie mchana wa siku ya kazi.

Diski ya 4 TB kwa kasi ya 150 MB kwa sekunde huchukua saa saba na nusu kujengwa upya, na zaidi watu wakiendelea kuitumia seva. Kabla ya hapo, bandika lebo yenye serial namba mbele ya kila diski. Anayechomoa diski nzima akaiacha mbovu ndani, kwenye safu iliyokwisha pungukiwa, ameiangusha safu yote kwa mkono wake.