Vikwazo dhidi ya Burundi: viliwabana akina nani?

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani mjini Bujumbura kwa mapinduzi ya kijeshi. Haikupita wiki, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Burundi haina bahari. Mafuta na mbolea yake huingia kwa kutegemea Dar es Salaam na Mombasa, na kahawa, iliyokuwa tegemeo lake kuu la fedha za kigeni, hutoka kwa njia hizo hizo. Ni nchi chache duniani ambazo majirani wangeweza kuzibana kwa urahisi kiasi hicho.

Masharti yalikuwa matatu: Bunge lirudi, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo na pande zote, wenye silaha wakiwemo, yaanze mara moja.

Wanaotetea vikwazo wana hoja nzito. Kufikia Septemba mwaka huohuo, Buyoya alikuwa amerudisha Bunge na kuvifungulia vyama. Mwaka uliofuata ikafahamika kwamba watu wake walikuwa wakizungumza kwa siri na waasi wa CNDD mjini Roma. Sioni ni kitu gani kingine kingemfanya mwanajeshi aliyetwaa nchi Julai akubali hayo mapema hivyo. Maneno ya kulaani mapinduzi peke yake hayajawahi kumrudisha mtu kambini.

Lakini tuangalie upande wa pili. Petroli ikawa ya mgao na bei zikapanda. Mbegu, mbolea na dawa nazo zilikwama, mpaka Aprili 1997 viongozi wa kanda walipolegeza masharti kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo. Mkulima hasubiri kikao cha marais. Mbolea ikikosa msimu, mavuno ya mwaka huo yamekwenda.

Wakati huohuo magendo yalishamiri. Mafuta yalipenya kupitia Rwanda, kupitia Uvira nchini Kongo, na kwa boti kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia kule kusini mwa Ziwa Tanganyika. Biashara ya namna hiyo haifanywi na muuza nyanya wa sokoni. Inamtaka mtu mwenye mtaji na mwenye kujuana na wakubwa wa serikali na jeshi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: vikwazo vilivyokusudiwa kuwabana wenye madaraka viliwapa baadhi ya watu wao faida ambayo wasingeipata mipaka ikiwa wazi.

Serikali nayo ikapata kisingizio. Agosti 1997 iligoma kwenda kwenye mazungumzo ya amani Arusha, ikidai Mwalimu Nyerere hawezi kuwa msuluhishi ilhali nchi yake ndiyo inayoibana. Kwa heshima zote kwa Mwalimu, hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mazungumzo yalianza kwa dhati Juni 1998, vikwazo vikasitishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukasainiwa Agosti 2000 chini ya usuluhishi wa Mandela, Mwalimu akiwa ameshafariki.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kuviweka. Kosa ni kwamba Buyoya alipotekeleza masharti mawili, hakuna alicholegezewa kwa ajili hiyo. Nafuu ya Aprili 1997 ilikuwa ya kuwaonea huruma wananchi, na ilichelewa. Mtu asiyeona faida ya kutii hutafuta namna ya kuishi bila kutii, na magendo yalishampa namna hiyo.

Burundi iliyapitia tena baada ya 2015, Rais Pierre Nkurunziza aliposhikilia muhula wa tatu. Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo maofisa wachache, kisha Machi 2016 ukasitisha misaada iliyokuwa ikipitia moja kwa moja serikalini. Serikali ikageukia wananchi. Ilipofika wakati wa kutafuta fedha za uchaguzi wa 2020, kila kaya ilitakiwa kuchangia faranga 2,000, na watumishi wa umma wakakatwa kwenye mishahara. Mchango huo uliitwa wa hiari.

Wapo wanaosema shinikizo hilo ndilo lililomfanya Nkurunziza asigombee 2020, ingawa katiba ya 2018 ilimruhusu. Inawezekana. Lakini muhula aliokatazwa aliufikisha karibu mwisho, na waliougharamia ni wale waliokuwa wakitozwa faranga 2,000.