Mkono ukitetemeka: lenzi ikutulizie picha, au kihisi?

Mpiga picha wa Goma anayeanza kupata kazi za harusi hufika mahali akajiuliza: pesa iende kwenye lenzi yenye kituliza-mtikisiko, au kwenye kamera inayotuliza yenyewe kihisi chake, yaani sehemu ya ndani inayopokea picha?

Njia zote mbili hutumia jairoskopu kuhisi mtikisiko. Kwenye lenzi, sumaku za umeme husogeza baadhi ya vioo vya ndani. Canon waliitoa hivyo kwenye lenzi ya 75-300 mm mwaka 1995. Kwenye kamera, kinachosogezwa ni kihisi, kama Minolta walivyofanya mwaka 2003 kwa kamera ya DiMAGE A1.

Ukiyumba nusu digrii, picha ya lenzi ya 50 mm huhama kama milimita 0.4 juu ya kihisi. Kwa 300 mm huhama 2.6, na nafasi ya kihisi kusogea ni finyu, kwa hiyo huzidiwa. Anayepanda hifadhi ya Kahuzi-Biega kupiga picha za sokwe chini ya miti yenye giza atafute lenzi inayotuliza. Ikimpa hatua tatu, kila hatua ikiongeza muda wa kupiga picha mara mbili, atashuka kutoka 1/300 hadi karibu 1/40 ya sekunde. Lakini sokwe akigeuza kichwa, kwa 1/40 atatoka na ukungu: kituliza hutuliza mkono wako, si mnyama.

Kwa harusi, ninaegemea kihisi bila kusita. Kila lenzi unayofunga inatulizwa, hata 50 mm ya zamani ya bei ndogo, na kamera ikizunguka kama usukani, kihisi huweza kuzunguka kinyume chake. Vioo vya lenzi haviwezi. Lenzi isiyo na mawasiliano ya umeme na kamera, ingiza urefu wake wa fokasi (ile namba ya mm) kwenye menyu. Ukiacha 135 huku umefunga 50, kihisi kitasogea kupita kiasi na picha itaharibika zaidi.

Ukinunua kamera iliyokwishatumika, usikimbie kwa kusikia kitu kikigonga ndani kamera ikiwa imezimwa. Kwa aina nyingi kihisi hulegea umeme ukikatika. Iwashe, piga picha 10 kwa 50 mm na 1/15 ya sekunde, kituliza kikiwa kimewashwa, kisha 10 kikiwa kimezimwa. Zikuze kwenye skrini. Zile za kwanza zikiwa na ukungu zaidi, kituliza kimeharibika: rudisha kamera hapo hapo.