Muuaji Yuko Kwenye Karatasi Iliyofungia Karanga

Binadamu wa kuogopwa hapa Mbeya si mwizi wa betri za bajaji. Ni yule anayekuona na riwaya ya upelelezi mkononi, anainama asome jalada, halafu anauliza kwa upole, "Umefika wapi?" Ukisema sura ya sita, anacheka kidogo, anatikisa kichwa. "Aisee, endelea tu. Mimi sisemi kitu. Ila huyo daktari mwangalie vizuri." Keshamaliza kazi. Kurasa mia mbili zilizobaki si riwaya tena, ni kumsubiri daktari akamatwe. Na sheria haina la kumfanya! Mtu akikuibia kuku unakwenda polisi unapewa RB, ile namba ya taarifa yako. Aliyekuibia muuaji wako unaagana naye vizuri na kumwambia asalimie nyumbani.

Usijaribu kumwambia umeshamaliza. Hapo ndipo utaharibu kabisa, maana atataka mjadili mwisho wake, tena kwa sauti. Sema kitabu si chako, unampelekea mtu, wewe hata kusoma hupendi. Ni uongo, lakini ni uongo wa kujihami.

Tuje kwenye kununua. Riwaya za miaka hii za kutoka nje huku kwetu mara nyingi zinafika zikiwa mtumba, zimelala kwenye turubai pembeni ya viatu. Muuzaji anataja bei kwa unene. Kitabu kinene elfu tano, chembamba elfu mbili, hata kama kile kinene nusu yake ni mapishi. Basi mtu anaona jalada lina kisu na tone la damu, anatoa hela pale pale sokoni Mwanjelwa, anapanda bajaji, anafika nyumbani, na baada ya siku kadhaa anagundua kwamba mkaguzi wa polisi kawakusanya watuhumiwa wote sebuleni, kafungua mdomo aseme, na karatasi inayofuata ni jalada la nyuma. Kurasa zenyewe zilishafungia karanga za watu wa stendi.

Sababu inaeleweka. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa inachapwa kurasa 16 au 32 kwa mpigo, inakunjwa, halafu mikunjo inapangwa na kubandikwa gundi mgongoni. Kwa hiyo kiwanda kikikosea, kinakosea mkunjo mzima: unatoka ukurasa wa 176 unatua 193. Au mkunjo unarudiwa, shahidi yule yule anahojiwa mara mbili kwa maneno yale yale, na wewe unajiona mjanja unasema, aa, hii ni mbinu ya mwandishi. Halafu karatasi za mwisho ndizo zinazoachia mapema, kwa kuwa kila anayeshika kitabu anaanza na kukitekenya nyuma.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, pekua namba. Usipekue zote, muuzaji atadhani unasoma bure. Angalia kila baada ya kurasa 16, kisha zile ishirini za mwisho moja moja. Hizo za mwisho ziba maandishi kwa kiganja ubakize namba tu. Jicho halina adabu. Utaliambia liangalie namba, lenyewe litachomoa jina la muuaji katikati ya mstari na kukuletea.

Kama karatasi zimeachia lakini zipo zote, nunua, zinarudishika. Tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala. Zile gundi za kunasa papo hapo zinakauka ngumu, ukikunjua mgongo mara mbili zinapasuka tena. Paka kidogo kwa kijiti kwenye ukingo wa ndani tu, sukuma karatasi mpaka iguse mgongo, weka kipande cha nailoni kila upande isije ikashikana na majirani zake, funga kitabu, kandamiza na tofali mpaka kesho. Mwezi wa saba acha siku mbili, gundi hii haipendi baridi. Wanaozidisha ndio wanaopata kitabu kisichofunguka kuanzia sura ya tisa mpaka ya kumi na moja, halafu wanalaumu gundi.

Unyevu nao, jamani. Tukuyu mvua inanyesha mpaka watu wanasahau rangi ya anga, na kitabu kinaota ukungu kikiwa kimesimama tu kabatini hakijamkosea mtu. Usipange vitabu vikigusa ukuta wa nje, acha upenyo wa vidole viwili hewa ipite. Kikilowa, kuna ndugu atakushauri ukianike juu ya jiko au ukipige pasi. Mshukuru, usimsikilize. Joto la ghafla linazikunja karatasi na kulegeza gundi yote. Kisimamishe wima, kurasa zimetawanyika, chomeka karatasi ya chooni kila baada ya kurasa chache, kiache kwenye upepo kivulini, badilisha karatasi zikilowa. Kitakauka kimevimba, ndiyo, lakini kitasomeka.

Na wewe msomaji mwenyewe, ukisikia baridi ya Juni, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha eti unamalizia sura. Muuaji siye ule moshi wenye harufu. Kuna hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala rangi, inaanza na kichwa kuuma na usingizi mtamu. Usingizi huo hauishi. Vaa soksi, jifunike blanketi mbili, toa mkono mmoja tu wa kufunulia.

Kuazimana nitakupitisha haraka, maana linapandisha presha. Kitabu cha upelelezi kikishaondoka kwenda "kwa shemeji, wiki moja tu", hesabu kimeenda Sumbawanga. Kivishe jalada la kalenda ya mwaka jana, andika jina ndani, na mwombaji aache chaja yake ya simu. Chaja ndiyo inayorudisha vitabu nchi hii.

Kinachonikera kuliko vyote ni uongo wa ndani ya vitabu vyenyewe. Sikatai kubuni, riwaya ni kubuni. Nakataa kudanganywa kivivu. Utasoma: daktari kainama juu ya maiti, kagusa shavu, kasimama, kasema, "Alikufa saa nne na robo usiku." Saa nne na robo! Kwani alikuwepo? Daktari mkweli anakupa makadirio: kati ya saa fulani na saa fulani, na anaomba usimbane sana. Anapima joto la mwili, anaangalia mwili umekakamaa kiasi gani. Kukakamaa huonekana kwenye taya na kope saa mbili hadi nne hivi baada ya kifo, mwili mzima unakuwa mgumu kama saa kumi na mbili baadaye, kisha unalegea tena taratibu katika siku moja au mbili zinazofuata. Lakini hali ya hewa inavuruga hesabu yote. Joto linaharakisha, baridi inachelewesha. Maiti ya Kyela na maiti ya Njombe hazina saa moja! Mnene anapoa polepole kuliko mwembamba, aliyefunikwa blanketi polepole kuliko aliyelala wazi. Ndiyo maana mwandishi mzuri akikutajia dirisha lililoachwa wazi usiku wa Julai, tulia hapo. Hakulitaja ili upate hewa. Kuna mtu kafungua dirisha maiti ipoe haraka, hesabu ya daktari irudi nyuma, na yeye awe na mashahidi kwamba muda huo alikuwa harusini.

Waandishi wetu nao wana yao. Mtu kachomwa kisu, kakimbizwa hospitali, kashonwa, kaamka, kasimulia, na sura nzima hakuna hata nesi mmoja aliyeuliza habari ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Hapo hapo msomaji wa Iringa anajua huyu mwandishi hajawahi kumsindikiza majeruhi. Au mpelelezi anatuma unywele kwa mkemia asubuhi, majibu ya vinasaba yanarudi kabla chai haijapoa. Ningesamehe kama angeandika wamesubiri wiki, huku mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana anawapungia mkono. Huko kusubiri ndiko kwenye hadithi!

Wazungu waliwahi kuliwekea sheria jambo hili. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye alitunga riwaya za upelelezi, aliandika amri kumi za mchezo. Mhalifu lazima atajwe mapema. Mizimu na miujiza marufuku. Chumba cha siri kisizidi kimoja. Sumu isiyojulikana na sayansi hairuhusiwi. Mpelelezi mwenyewe asiwe muuaji. Pacha asizuke mwishoni bila msomaji kuandaliwa. Zimevunjwa sana tangu hapo, nyingine kwa ufundi mkubwa, lakini bado ni kipimo kizuri cha kujua kama umechezewa rafu. Muuaji akiwa ni fundi bomba aliyetokea ukurasa wa 290, dai hela yako.

Ukitaka kushindana na mwandishi, chukua karatasi, kila mhusika akitajwa mwandike jina na kazi yake kwenye hadithi. Si kazi ya mshahara, nasema anafanya nini humo ndani. Ukifika katikati, mtafute asiye na kazi yoyote. Yupo tu, analeta chai, anatoa pole, anakumbukwa kila baada ya sura tatu. Mwandishi hamlishi mtu bure kurasa zote hizo. Huyo mwekee alama.

Kuna na wale wazee wa "soma vitabu vya maana". Ukishika riwaya pendwa, ya upelelezi, ya mapenzi au ya kuchekesha, wanakutazama kwa huruma. Wanasema huu upelelezi ni mambo ya kuiga. Kuiga kwa nani, mzee wangu? Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla yuko vitabuni tangu 1960, Kiswahili kimenyooka mpaka raha! Na hizo nyepesi zina kazi yake. Ukitoka kwenye kitabu cha maiti tatu na mochwari, ukiunganisha kingine cha namna hiyo, wiki ya pili unaanza kumtilia shaka muuza maziwa. Katikati weka cha mawifi na harusi, kurasa mia na hamsini, damu ishuke.

Kuna hata mchanganyiko: mauaji mepesi. Richard Osman wa Uingereza mwaka 2020 alitoa riwaya ya wastaafu wanne kwenye makazi ya wazee, kila Alhamisi wanakutana kufumbua mauaji ya zamani, mpaka maiti mpya zinawafuata. Imependwa mno. Kanuni ya aina hii: damu haionyeshwi, matusi hayapo, kijiji ni kidogo na keki ni nyingi. Tatizo, huku haihamishiki. Wastaafu wetu Alhamisi wanafuatilia mafao. Na kijiji kidogo chenye siri utakipata wapi? Muue mtu kule Rungwe saa tisa alasiri, saa kumi na moja wanywa kahawa wote wanajua nani, kwa nini, na ng'ombe wangapi walikuwa wanadaiwa. Riwaya inaisha ukurasa wa nne.

Simulizi za kwenye simu? Nina kisa nazo. Sehemu ya 1 mpaka ya 10 bure, moto kweli kweli. Ya 11, shujaa kashika kitasa cha mlango, "Itaendelea", lipia kwa namba hii. Unalipa. Ya 12 nzima anashika kitasa. Ya 13 anakumbuka utoto wake. Mwandishi analipwa kwa idadi ya sehemu, atakuharakishia nini? Na ya 38, upelelezi umekwama, shujaa analala, anaoteshwa jina la muuaji. Anaoteshwa! Padri Knox angerarua kanzu. Usianze simulizi mpaka uone neno "Mwisho" kwenye orodha, na soma maoni ya sehemu za katikati, si ya kwanza. Ya kwanza kila mtu anasifia.

Imebaki sehemu moja ambapo mtu angeweza kusoma bila kusumbuliwa na kazi za nyumbani, nayo ni basi la Dar. Kutwa nzima umekaa. Kuanzia Uyole, Chimala, Igawa mpaka Makambako unakwenda vizuri, japo video ya basi inapiga kelele za bunduki na wewe kitabuni kwako mkaguzi ananong'ona. Ukishapita Ilula funga kitabu. Kona za Kitonga hazisomeki: jicho linaona ukurasa umetulia, sikio la ndani linasema tunageuka, ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linalotoa hukumu. Tazama mbali, mbele, si pembeni. Fungua tena Ruaha Mbuyuni. Mikumi utafunga, maana jirani atakugonga bega, "Twiga hao! Twiga!" mkaguzi akiwa ndio anavua kofia ataje jina.

Na jirani mwenyewe usimsahau. Alipopandia Iringa alikusalimu "Kamwene", ukaitikia, ukadhani mmemalizana. Kumbe tangu Ipogolo anasoma begani kwako. Huwezi kumfukuza, ni mtu mzima, kakupa na ndizi. Unafika ukurasa wa mwisho wa sura, kidole kiko tayari, na yeye anaweka mkono juu ya kitabu chako: "Subiri kidogo, kijana. Huyu Mariamu ni mke wa nani?"