Fainali bila Simba wala Yanga bado ni fainali

Kila mara timu za mikoani zinapoanza kusogea kuelekea fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, nasikia kutoka nyumbani Kigoma, na hata kwa Watanzania wenzangu tunaoishi huku Scotland, kauli ile ile kwamba mashindano yamekosa mvuto kwa sababu Simba imetolewa au Yanga imetolewa. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo, na maisha yangu katika mji wa Falkirk yamenizidishia sababu za kuipinga.

Soka ya Scotland inafanana na yetu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuna Celtic na Rangers, zote za Glasgow, ambazo zimeigawa nchi nzima kama Simba na Yanga zilivyotugawa sisi kutoka Kariakoo hadi Kasulu. Tangu Aberdeen walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1985, ubingwa huo ulizunguka kati ya watani hao wawili kwa zaidi ya miongo mitatu. Hata hivyo, tarehe 30 Mei 2015, fainali ya Kombe la Scotland iliwakutanisha Inverness Caledonian Thistle na Falkirk, na sikumsikia mtu yeyote mjini kwetu akisema kwamba fainali hiyo ilikuwa pungufu. Inverness ni mji wa kaskazini, na klabu yake ilizaliwa mwaka 1994 tu kwa kuunganisha klabu mbili. Ili kufika fainali iliitoa Celtic kwa mabao 3-2 katika muda wa nyongeza. Falkirk wakati huo ilikuwa daraja la pili, na mara ya mwisho kulibeba kombe hilo ilikuwa mwaka 1957, jambo ambalo wazee wa mtaani kwangu walilisimulia kama watu wanaosimulia habari za ukoo.

Uwanja wa Hampden jijini Glasgow ulipokea watu zaidi ya 37,000. Inverness walitangulia kwa bao la Marley Watkins, wakabaki kumi baada ya kadi nyekundu, Peter Grant akawasawazishia Falkirk dakika ya 80, na sisi tukaamini kabisa kwamba kombe linakuja kwetu, hadi James Vincent alipofunga la pili zikiwa zimebaki dakika chache. Tulirudi tumeshindwa, lakini mji ulitoka kuipokea timu kwa sababu ilikuwa timu yake.

Sisi tulipata fainali ya namna hiyo mwaka 2018. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kutoka Turiani mkoani Morogoro, ilikutana na Singida United katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha tarehe 2 Juni, ikashinda kwa mabao 3-2 na kujipatia tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mabao matano katika fainali, na nafasi ya Afrika mezani! Nilipompigia simu mdogo wangu pale Mwanga, Kigoma mjini, aliniambia kwamba kibanda umiza cha jirani kilikuwa kinaonyesha filamu, kwa kuwa mwenyewe aliona hakuna atakayelipa kiingilio kuzitazama timu hizo. Jambo hilo lilinisikitisha, na linanisikitisha hadi leo.

Ni haki nikiri pia kwamba kuna jambo ambalo Tanzania imelifanya vizuri kuliko Scotland. Huku fainali ni ya Glasgow karibu kila mwaka, na mtu wa Inverness hana budi kusafiri kilomita zipatazo 270 kwenda kuitazama timu yake. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, iliipeleka fainali Lindi mwaka 2019, Sumbawanga mwaka 2020, na mwaka 2021 ikaileta Kigoma, katika Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako Simba iliifunga Yanga kwa bao moja la Thadeo Lwanga. Ndugu zangu walinieleza jinsi nyumba za wageni zilivyojaa na wauza migebuka walivyofanya biashara siku zile, nami nilijivunia Kigoma, mwisho wa reli, kuwa katikati ya nchi. Ninachoomba ni kwamba heshima hiyo itolewe pia kwa fainali ambayo vigogo hao hawamo.

Tatizo letu kubwa liko kwenye mizizi ya klabu zenyewe. Singida United ilishuka daraja mwaka 2020, miaka miwili tu baada ya fainali ile. Klabu ya Ihefu ilihama kutoka Mbeya ikawa Singida Black Stars, na timu iliyocheza Ligi Kuu kwa jina la Tabora United sasa inaitwa TRA United, kwa hiyo mtoto wa Tabora aliyeanza kuipenda amelazimika kujifunza jina jipya. Inverness na Falkirk nazo zimeanguka vibaya tangu mwaka 2015, kila moja ikashuka hadi daraja la tatu, na Inverness ikafika mahali pa kushindwa kulipa madeni. Lakini mashabiki wa Inverness walichangishana fedha, wa Falkirk wakanunua hisa kupitia chama chao, na mwaka 2025 Falkirk ikarejea Ligi Kuu ya Scotland kwa jina lile lile na katika mji ule ule.

Kigoma tunayo Mashujaa, na historia yake katika Kombe la Shirikisho si ndogo. Desemba 2018, ikiwa bado daraja la chini, iliifunga Simba mabao 3-2 jijini Dar es Salaam, na Aprili 2024 iliitoa tena kwa penalti pale Lake Tanganyika. Siku hizo mbili wapo watu wa Kigoma waliohuzunika kwa sababu ya Simba, ilhali timu ya mkoa wao ndiyo iliyoshinda. Mashujaa ni timu ya jeshi, na jeshi limeilea vyema, lakini ingefungua tawi la wanachama Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu na Kibondo, ikauza kadi kwa bei ya mvuvi na mkulima, na ikatuwekea njia ya kulipia sisi tulio nje. Mimi yangu nitailipia siku hiyo hiyo, na ya mdogo wangu pia.